Miguu Haitulii Usiku? Mwongozo Kamili wa Kupanga Vitu vya Pembeni ya Kitanda

Kila tukigusa hii mada ya miguu inayosumbua usiku maswali yanarudi yale yale. Nimenunua mpira, nimenunua mashine ya kukandia, nimeweka maji ya baridi, mbona bado nakesha? Ukimuuliza mtu hivyo vitu viko wapi anakwambia mpira upo kwenye droo, beseni lipo bafuni, tochi sijui mtoto kaichukua. Sasa saa nane usiku, umeme umekatika, uko ndani ya neti na miguu inanyevua mpaka ndani ya mfupa, hivyo vitu utavipata saa ngapi?

Kinachowashinda wengi ni mpangilio tu, vitu wanavyo. Ukishawasha taa kubwa, ukapekua, ukaangusha sufuria, usingizi umeondoka, na hata miguu ikitulia we bado umekodoa macho mpaka adhana. Kwa hiyo hapa tunapanga kitu kimoja: miguu itulie na urudi kulala kabla akili haijaamka yote. Vitu hivi haviponyi, naomba tuelewane mapema, ila vinafupisha usumbufu wa usiku wakati unatafuta chanzo chake hospitali.

Hakikisha kwanza ndo yenyewe

Madaktari wanaita RLS (Restless Legs Syndrome, yaani miguu isiyotulia), na ukifika hospitali taja hivyo hivyo kwa herufi. Mambo manne yanaenda pamoja: unapata hamu ya kuchezesha miguu ambayo huwezi kuizuia, inaanza ukiwa umekaa au umelala, inapungua ukitembea au ukijinyoosha, na inazidi jioni na usiku.

Kama ni msuli wa kigimbi unajikaza ghafla ukaushika ukawa mgumu, huo ni mkazo wa misuli, habari nyingine. Kama nyayo zinawaka moto mchana na usiku, ukitembea hazipoi, na una kisukari, basi kapime mishipa ya fahamu. Na sikiliza vizuri hili: kama ni mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma, hasa kwa mjamzito, aliyetoka kujifungua au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, USIUKANDE, nenda hospitali usiku huo huo. Inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa na bonge likichomoka linakimbilia mapafuni.

Vitu vya kuandaa

- Mpira wa tenisi mmoja, au mpira wowote mgumu wa saizi hiyo
- Kanga au leso ya zamani (mtandio mrefu pia unafaa)
- Mto mdogo wa kuweka katikati ya magoti
- Tochi ndogo yenye mwanga hafifu, ya kuchaji au ya sola
- Stuli na kiti, visivyoyumba
- Sinia lenye ukingo
- Ndala zenye kukamata, sio zile zilizokwisha soli
- Beseni, taulo na kipande cha mkeka
- Chupa mbili za plastiki za nusu lita kama una friji, au chupa ya mpira ya maji moto
- Maji ya kunywa kwenye chupa yenye kifuniko
- Daftari dogo na kalamu
- Kazi ya mikono: kitambaa cha kufuma, ukili wa kusuka, chemshabongo, chochote

Mashine ya kukandia ya umeme sijaiweka makusudi. Ukiwa nayo sawa, ila inapiga kelele, inataka chaji, na siku umeme umekatika ndo siku miguu inakuwa na wazimu. Mpira wa tenisi hauna chaji.

Hatua ya 1: Gawa chumba sehemu tatu

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka halafu wanalalamika. Usirundike kila kitu kwenye stuli moja. Gawa hivi: ndani ya neti, mkono unapofika, na pa kusimama.

Ndani ya neti panakaa vile unavyotumia bila kunyanyuka kabisa, yaani mpira, kanga, mto na tochi. Mkono unapofika ni kwenye stuli, panakaa maji ya kunywa na daftari, na chini yake ndala. Pa kusimama ni mbali kidogo, panakaa beseni, taulo, chupa ya baridi, kiti na kazi ya mikono.

Sababu ni rahisi. Ukinyanyua neti unaingiza mbu, ukisimama unaamsha mwili, ukiwasha taa unaamsha ubongo. Kwa hiyo unaanza na vya ndani, vikishindwa unanyoosha mkono, vikishindwa tena ndo unasimama. Mtu anayekimbilia beseni moja kwa moja anakuwa ameshaupoteza usiku kwa kitu ambacho pengine kingeisha kwa kujinyoosha dakika tano.

Hatua ya 2: Panga ndani ya neti

Anza na neti yenyewe. Sisi wenye miguu hii tunapiga mateke hata tukiwa usingizini, asubuhi neti imechomoka na mbu wameshiba. Ile ya duara inayoning'inia toka juu inatutesa kwa sababu inabana miguuni. Tafuta ya pembe nne, kubwa kuliko kitanda, chomekea upande wa miguuni mpaka ndani kabisa chini ya godoro, halafu upande wako wa kutokea chomekea mwisho na ndani kidogo tu ili ufungue kwa mkono mmoja.

Mpira uweke ndani ya soksi kisha soksi uifunge kwenye kona ya mto au kwenye mbao ya kichwani. Bila hivyo utaviringika, utaenda chini ya mume, na saa nane usiku utakuwa unampapasa mtu kwa sababu isiyo yake. Tochi nayo ifunge kamba fupi hapo hapo.

Kanga ikunje kwa urefu mpaka iwe kama mkanda. Matumizi yake: lala chali, pitisha kanga kwenye unyayo karibu na vidole, nyoosha goti, vuta taratibu mpaka usikie kigimbi kinavutika, hesabu mpaka 30, achia, badilisha mguu. Rudia mara tatu. Usivute kwa kurusha rusha, msuli utakubana halafu uwe na matatizo mawili.

Mpira unaukandamiza chini ya kigimbi ukiwa umelala, au unakaa kitandani ukiuviringisha kwa mkono toka kwenye kifundo kupanda juu. Bonyeza mpaka usikie kabisa, kugusa gusa kwa huruma hakusaidii chochote, mguu wenye RLS unataka kusikia kitu kingine kikubwa kuliko ule mnyevuo. Wajawazito wapunguze nguvu.

USIWEKE ndani ya neti: mshumaa, kibatari, dawa ya mbu ya kuwasha, wala chupa ya maji moto iliyofunguka kifuniko. Neti inashika moto haraka mno.

Umefanikiwa kama unaweza kufumba macho, ukashika mpira, kanga na tochi bila kukosea. Jaribu mchana, taa ikiwa imezimwa na pazia limefungwa. Ukipapasa zaidi ya mara moja hamisha.

Hatua ya 3: Stuli na sakafu

Weka sinia juu ya stuli, na vitu vyote viwe ndani ya sinia. Ukingo wake unazuia kusukumia vitu chini ukiwa na usingizi. Chupa ya maji iwe na kifuniko, glasi hapana, glasi ikivunjika na we unatembea peku gizani tutaongea mengine.

Kalamu ifunge kwa uzi kwenye daftari. Najua inaonekana utoto, ila kalamu ndo kitu cha kwanza kupotea.

Ndala zigeuze visigino vielekee kitandani na vidole vielekee mlangoni, ili ukishusha mguu unaingia moja kwa moja. Beseni lisikae hapo unaposhushia miguu. Lisogeze ukutani upande wa miguuni, chini yake tandika kipande cha mkeka, maana sakafu ya tailizi au saruji laini ikilowa inateleza vibaya na wazee wengi wanavunjika nyonga hivi hivi.

Halafu njia. Toka kitandani mpaka mlangoni pasiwe na waya, pasiwe na kiti, pasiwe na begi la shule la mtoto. Utatembea hapa ukiwa nusu umelala.

Hatua ya 4: Jua kama we ni wa baridi au wa moto

Wapo wanaotulizwa na baridi na wapo wanaotulizwa na joto, hakuna kanuni. Usijaribu vyote usiku mmoja, utachanganyikiwa. Wiki moja tumia baridi, wiki inayofuata joto, andika kwenye daftari, atakayeshinda ndo abaki chumbani na mwenzake arudi jikoni.

Kwa baridi, gandisha ile chupa ya nusu lita (usiijaze mpaka juu, maji yakiganda yanatanuka), ifunge kwa kitambaa, iweke ndani ya beseni ukienda kulala. Ukiamka kaa kwenye kiti, iviringishe chini ya unyayo na nyuma ya kigimbi. Kama huna friji, maji ya mtungini yanatosha kabisa, tumbukiza miguu dakika tano hivi, kisha kausha mpaka katikati ya vidole usije ukajizawadia fangasi. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Kwa joto, chupa ya mpira ijaze theluthi mbili tu, toa hewa, funga, ivike taulo. Msichukue chupa ya soda mkamimina maji yanayochemka, inanywea na kifuniko kinaachia, mtu anaungua mapaja.

Mwenye kisukari au ganzi miguuni asitumie maji moto wala barafu bila mtu mwingine kupima kwanza. Mguu wenye ganzi unaungua na mwenyewe hana habari, kidonda anakiona asubuhi. Kwa huyu mi naona bora abaki na kanga, mpira na kutembea tu.

Hatua ya 5: Dawa zikae wapi

Sio pembeni ya kitanda. Nasisitiza kwa sababu hapa watu wanakaa na kopo zima la vidonge vya kuongeza damu juu ya stuli na mtoto wa miaka miwili analala chumba hicho hicho. Vidonge vya madini ya chuma vinaonekana kama pipi, na mtoto akila vingi vinaweza kumuua. Kabati la juu, lenye kufungwa. Sababu ya pili, mtu akiwa na usingizi anasahau kama kameza, anameza tena.

Kama daktari kakupa dozi ya usiku, toa ya leo tu, imeze saa aliyokwambia, weka alama kwenye daftari, basi. Usiongeze kidonge saa nane usiku kwa sababu miguu imekataa.

Kitu kingine cha kuondoa pale pembeni ni dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, Piriton na Phenergan zikiwemo. Mtu anameza ili alale, kumbe hizo hizo zinaichochea miguu. Plasil ya kichefuchefu nayo imo. Baadhi ya dawa za msongo wa mawazo, kama amitriptyline, zinaweza pia kuchochea, lakini hizo USIACHE mwenyewe, mwambie aliyekuandikia akuangalizie nyingine. Na usikubali tramadol au valium ya jirani, hata kama yeye ilimlaza.

Dawa ya kuchua yenye harufu kali ukiipenda weka, inaleta ubaridi wa ngozi na mkono unakanda kwa raha, ila osha mikono kabla hujagusa macho. Kipande cha sabuni ambacho wengine wanaweka chini ya shuka ili miguu itulie sina neno nacho, hakidhuru, na hakuna ushahidi kwamba kinafanya kazi.

Hatua ya 6: Kiti, kazi ya mikono na kutembea

Umefanya ya ndani, umefanya ya stuli, miguu bado. Sasa simama, using'ang'anie kitandani ukigaragara, unamwamsha mwenzio na wewe mwenyewe unapandisha hasira.

Tembea ndani ya nyumba, taratibu, dakika tano mpaka kumi. Ndani, nimesema. Kuzunguka uani saa nane usiku na kanga moja mtaani kwetu majirani wakikuchungulia dirishani kesho unaitwa mwanga, na hiyo kesi haina wakili. Wanaosali usiku wanajua kuinama na kusimama kunasaidia pia.

Ukishatembea kaa kwenye kiti na ushike kazi ya mikono. Akili ikishughulika na kitu kinachotaka umakini, usumbufu wa miguu unapungua, ndo maana mtu anaweza kufuma au kujaza chemshabongo akatulia, lakini akikaa mbele ya sinema ya polepole miguu inaanza fujo. Kusuka ukili ni kuzuri mno kwa sababu vidole vinafanya kazi na mwanga hafifu unatosha. Simu ndo sikushauri, unaingia kuangalia saa unatoka umeshaangalia vichekesho saa zima.

Mwenzio umwambie mapema, mchana, mkiwa mnaongea vizuri: nikinyanyuka usiku ni miguu, sio kitu kingine. Kila mtu awe na shuka lake. Ndoa nyingi zinatetereka kwa mateke na kutoka toka usiku wakati maelezo ya dakika mbili yangetosha.

Umefanikiwa kama unarudi kitandani ukiwa bado unapiga miayo.

Hatua ya 7: Daftari

Nimeliweka mwisho ila kwangu ndo kitu cha thamani kuliko vyote pale kwenye sinia. Mpira unakusaidia leo usiku. Daftari linaweza kukuondoa kwenye hii shida.

Andika asubuhi, sio usiku, usiku weka alama ya mstari tu kila ukiamka. Asubuhi jaza: miguu ilianza saa ngapi, uliamka mara ngapi, nini kilituliza, jana ulikunywa chai au kahawa mpaka saa ngapi, pombe, sigara, dawa gani ulimeza. Mstari mmoja unatosha, mfano:

"Jumanne. Ilianza saa tatu usiku. Niliamka x3. Kanga imesaidia, baridi hapana. Kahawa saa mbili kijiweni. Piriton 1."

Baada ya wiki mbili utaanza kuona mambo. Wengi wanagundua kahawa na kashata ya baada ya Isha ndo mchawi wao, au chai ya rangi ya kushushia chakula. Wengine wanagundua ni zile siku walizomeza dawa za mafua.

Daftari hilo hilo ulipeleke hospitali, na uombe kipimo kinaitwa ferritin. Hiki kinaonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini. Usiridhike ukiambiwa "damu yako ipo ya kutosha", kwa sababu wingi wa damu unaweza kuwa mzuri kabisa na akiba ikawa chini, na kwa RLS tunachotafuta ni akiba. Kwa mtu mzima mwenye tatizo hili, ferritin ikiwa 75 au chini yake madaktari wanafikiria kuongeza chuma, hata kama karatasi ya maabara inaandika ni kawaida. Nenda asubuhi, na usipime ukiwa na malaria au homa, maana ugonjwa unaipandisha namba kwa uongo.

Usianze vidonge vya chuma kwa kubahatisha kabla ya kipimo. Mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza kuwa na chuma kimezidi tayari. Ukiandikiwa, meza na maji ya limau au chungwa, mbali na chai, kahawa na maziwa walau saa moja hadi mbili, na choo kikiwa cheusi usishtuke.

Mjamzito pia aseme kliniki, hali hii inapenda kuja miezi mitatu ya mwisho na mara nyingi inaondoka baada ya kujifungua. Mwenye matatizo ya figo aseme. Na anayetumia dawa za RLS ziitwazo pramipexole au ropinirole akiona miguu imeanza kusumbua saa kumi jioni badala ya saa nne usiku, au imehamia mikononi, aandike na arudi kwa daktari bila kuongeza dozi, ni jambo linalojulikana kwa dawa hizo. Vile vile ukijikuta ghafla unabeti kila siku au unanunua vitu hovyo, sema, usione aibu, nalo linatokana na dawa hizo.

Ukilala ugenini au kwenye basi

Tengeneza kifuko cha vitu vinne: mpira ndani ya soksi, kanga, tochi, daftari. Beseni utaazima kwa wenyeji. Kwenye basi la usiku kata siti ya upande wa njia, siti ya dirishani utamkanyaga jirani mpaka mgombane, na kila basi likisimama shuka utembee hata kama huna haja ya kwenda chooni. Mpira uviringishe chini ya unyayo ukiwa umevua viatu, na soksi uifunge kwenye mguu wa siti, dereva akifunga breki mpira haurudi.